Mchare, ng'ombe, mzuzu au kisukari? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua ndizi Moshi na Arusha

Nimefika sokoni nimekuta mikungu ya kila aina. Nianzie wapi?

Kabla hujauliza bei, jiulize unakwenda kupika nini. Ndizi inayotoa mtori (supu nzito ya ndizi zilizopondwa na nyama) mzuri hailingani na ile inayopendeza kwenye kikaango, na ile ya kikaango haipondeki vizuri hata uichemshe saa nzima. Wengi wanaosema ndizi zao "zimegoma kuiva" walinunua aina isiyo ya chakula walichokusudia.

Ukifika Mbuyuni pale Moshi au Kilombero pale Arusha ukasema tu "naomba ndizi za kupika", utapewa zilizo karibu na mkono. Sema: "Shikamoo mama, natafuta ndizi za mtori wa watu sita." Hapo muuzaji ataacha ule mkungu wa mbele na kuinama kukuchagulia. Wanaouza ndizi wanazijua mno, ila lazima wajue chungu chako.

Angalizo moja: majina yanabadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Mchare wengine huita mshare, na ndani ya mchare yenyewe kuna mchare laini, mlelembo na nyinginezo. Jina likikuchanganya, iangalie ndizi yenyewe.

Mchare, ng'ombe na mzuzu zinatofautianaje mdomoni?

Mchare ni nyembamba kiasi, ganda lake jembamba, na nyama yake ina rangi ya maziwa inayoelekea njano. Ikichemka inalainika yote kwa pamoja, katikati na pembeni, kwa hiyo ukiiponda haikuachii mabonge. Ladha yake ina utamu wa mbali na ukakasi mdogo sana. Ndiyo maana ni ndizi ya mtori, ya mgonjwa, ya mzazi aliyetoka kujifungua na ya mtoto anayeanza kula.

Ng'ombe ni nene, ganda nene, na nyama yake ina unga mwingi. Ukakasi wake uko wazi zaidi, na inataka muda mrefu kidogo jikoni. Lakini jina lisikutishe. Ndiyo, majani na maganda hupewa mifugo, na mikungu mingi huenda kwenye mbege, pombe ya ndizi, ila kwenye machalari, ndizi za vipande zinazopikwa na nyama, ndizi hii ni nzuri: inabaki vipande, inanyonya mchuzi wa nyama bila kuyeyuka, na inashibisha. Kwa bei, ndiyo rafiki wa familia kubwa.

Mzuzu na mkono wa tembo ni ndizi kubwa, chache kwenye mkungu, ngumu na zenye kingo. Mkono wa tembo ndiyo kubwa kuliko zote. Moja inaweza kumtosha mtu mzima kwa kifungua kinywa. Hizi ni za kukaanga, kuchoma, au kupika kwa nazi wanavyofanya watu wa pwani. Ukizitia kwenye mtori utapata uji wenye chembechembe.

Bukoba ni ndizi za jamii ya matoke, ndizi za kupika za Kagera na Uganda. Zikipikwa kwa mvuke hugeuka njano iliyokolea na kulainika vizuri, lakini zina ladha yake ya udongo kwa mbali ambayo aliyezoea mchare ataitambua kijiko cha kwanza.

Kwa nini mchare ni ghali kuliko ng'ombe?

Kwanza, kila nyumba inayopika mtori inaitaka, na hoteli pia zinaitaka. Pili, mgomba wake unashambuliwa na mnyauko fuzari, ugonjwa wa kuvu unaokaa ardhini miaka mingi. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kilichopata ugonjwa huo hakirudishiwi mchare kirahisi. Tatu, ganda jembamba linachubuka haraka, na ndizi iliyochubuka hugeuka nyeusi, kwa hiyo wanaoisafirisha hupoteza sehemu ya mzigo, na hasara hiyo inaingia kwenye bei.

Mchare ina ukoo wa kushangaza: ina seti mbili tu za kromosomu wakati ndizi nyingi tunazokula zina tatu, na ni jamaa ya karibu ya Cavendish na Gros Michel, zile ndizi mbivu zilizotawala biashara ya dunia. Watafiti walioko Arusha wanaendelea kutafuta mchare itakayostahimili mnyauko. Mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne chotara, TARIBAN 1 hadi 4, lakini hizo zimetokana na matoke. Ukikutana nazo, zifikirie kama Bukoba. Usizinunue ukitarajia mchare.

Nitajuaje kwamba mchare imekomaa lakini haijaanza kuiva?

Itazame kwanza kingo. Ndizi changa ina kingo kali, ukiishika unazihisi kwenye vidole. Iliyokomaa imejaa, kingo zimefifia, karibu iwe duara. Kisha angalia ncha: mabaki ya ua yawe yamekauka na kudondoka kwa urahisi ukiyagusa.

Ukiwa bado na shaka, omba kukatiwa moja. Muuzaji anayejiamini hakatai. Ikate kwa upana na uangalie mkato wenyewe kwa muda. Ndizi changa hutoa utomvu mwingi mwepesi kama maji, unajaa kwenye mkato mara moja, na nyama yake ni nyeupe, imebana na ni ndogo ukilinganisha na unene wa ganda. Iliyokomaa hutoa utomvu kidogo, mzito, na nyama imejaa hadi kwenye ganda ikiwa na rangi ya maziwa. Ukikuta njano ya wazi na utomvu karibu hakuna, imeanza kugeuza wanga kuwa sukari. Mtori wake utakuwa mtamu kama wa kitindamlo.

Angalia chana ya juu na ya chini kabisa. Chana za juu hutangulia kukomaa, na za chini huwa ndogo. Mkungu ambao chana za chini zimejaa ni mkungu uliokatwa kwa wakati.

Ninunue mkungu mzima au chana?

Piga hesabu kwa nyama ya ndizi, maana ganda na kigogo huli. Ganda la ndizi mbichi ni kama asilimia 35 hadi 40 ya uzito wake. Kigogo cha katikati kinachoshika chana nacho kina uzito wake.

Huu ni mfano, weka bei ya siku yako. Tuseme mkungu wa kilo 20 unauzwa shilingi 15,000. Toa kilo 2 za kigogo, zinabaki 18. Toa ganda kwa asilimia 40, inabaki kilo 10.8 za kupika. Kila kilo ya nyama imekugharimu takriban shilingi 1,390. Upande wa pili kuna chana ya kilo 2.2 kwa shilingi 2,500: ukitoa ganda unabaki na kilo 1.32, yaani karibu shilingi 1,890 kwa kilo. Mkungu ni nafuu, ilimradi utaliwa wote kabla haujaiva. Nyumba ya watu watatu isiyo na friza itaona chana za chini zikigeuka njano, na faida yote imeishia hapo. Bora mshirikiane mkungu na jirani.

Mizani ndogo ya kuning'iniza ni msaada mkubwa, kwa sababu mikungu inauzwa kwa macho na jicho linadanganywa na urefu. Mkungu mfupi wenye chana zilizobanana mara nyingi una uzito kuliko mrefu wenye nafasi.

Kuhusu siku: gulio la Tengeru hufanyika Jumatano na Jumamosi, na mzigo wa kutoka mashambani unakuwa mwingi. Mwika na Himo nazo ni njia kuu za ndizi za Kilimanjaro. Bei hupanda mwezi wa Ramadhani kwa sababu ya futari, na hupanda tena mwishoni mwa Desemba watu wa Moshi wanaporudi nyumbani na kila jiko linataka mchare siku hiyohiyo. Kiangazi kirefu nacho hupunguza ukubwa wa mikungu hata pale bei isipobadilika.

Vipimo vya mtori wa watu sita ni vipi?

Nyama ya ng'ombe yenye mifupa robo tatu ya kilo, mchare kilo moja na nusu ikiwa na maganda (utabaki na kama gramu 900), maji lita 2 na nusu, kitunguu kimoja kikubwa, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, siagi kijiko kimoja cha mezani. Maziwa nusu kikombe ukipenda.

Chemsha nyama kwa moto wa wastani saa moja na nusu hadi iachane na mfupa. Supu ibaki kama lita moja na nusu. Itoe nyama, ichambue. Wakati nyama inaendelea, paka mafuta mikononi na kwenye kisu, menya ndizi, na kwangua ule utando wa nyuzi uliobaki juu ya nyama ya ndizi. Kila uliyomenya iingie papo hapo kwenye maji yenye chumvi kidogo au limao. Kama ni mtori wa mtoto, pasua ndizi kwa urefu na toa ule mstari mweusi wa katikati. Ndio unaoacha vidoti.

Tia ndizi na kitunguu kwenye supu inayochemka, funika, dakika 25 hadi 30. Ziko tayari pale moja inapopondeka yote ukiibonyeza ukutani mwa sufuria kwa mwiko. Ponda hapohapo zikiwa za moto. Rudisha nyama, tia siagi, onja chumvi. Maziwa yaingie mwisho, sufuria ikiwa imeepuliwa, yasije yakakatika. Mtori uliokaa sawa unateremka polepole kutoka kwenye upawa. Kumbuka utakuwa mzito zaidi ukipoa, kwa hiyo uache mwepesi kidogo kuliko unavyotaka kuula.

Mtori wangu hutoka mweusi, au una mabonge, au unakwaruza ulimi. Nakosea wapi?

Weusi una sababu mbili kuu. Ndizi zilikaa zimemenywa bila maji, zikapigwa na hewa. Au umetumia sufuria ya chuma au kisu chenye kutu. Ukakasi wa ndizi ukikutana na chuma hutoa rangi nyeusi, kwa hiyo tumia alumini, stenlesi au chungu cha udongo.

Mabonge hutokea ukisubiri zipoe ndipo uponde. Wanga ukipoa hukaza. Ukishachelewa, ongeza supu ya moto kikombe kimoja, rudisha jikoni dakika tano, kisha ponda upya.

Ukakasi unatoka kwenye ndizi changa au ule utando ambao haukukwanguliwa. Kwa ndizi changa, zichemshe dakika tano kwenye maji peke yake, mwaga maji hayo, ndipo uzitie kwenye supu. Utapoteza ladha kidogo lakini utakula.

Mchare ikikosekana, niweke nini?

Kwa mtori, Bukoba iliyokomaa ndiyo mbadala wa karibu. Ipike dakika 10 zaidi. Ng'ombe pia inawezekana ukiikata vipande vidogo na kumwaga maji ya kwanza. Kwa kiburu, ambako ndizi zinapondwa na maharage, tofauti haionekani sana kwa sababu maharage yanatawala ladha, na hapo hatuoni sababu ya kulipia mchare.

Kwa ndizi za kula mbivu, nichague kisukari, kimalindi au nyekundu?

Kisukari ni fupi, ganda jembamba kama karatasi, tamu sana na ina uchachu mdogo unaoifanya isikinaishe. Ubaya wake: ikiiva sana inachomoka kwenye chana yenyewe, na ikiliwa kabla haijaiva ina ukakasi unaofunga mdomo. Subiri hadi njano yote ikolee na vidoti vya kahawia vianze. Kwa kilo huwa ghali, lakini ganda lake linapoteza kidogo, na mtoto anamaliza moja bila kubakiza.

Kimalindi, na mtwike zinazofanana nayo, ni ndefu, za jamii ya Cavendish. Nyama ni laini, utamu wa kawaida, harufu nzuri. Ndizi nyingi kwa pesa kidogo, na ndizo zinazofaa juisi na keki.

Nyekundu utazikuta sana Mto wa Mbu. Nyama yake ni nzito, krimu yenye wekundu wa mbali. Sehemu ya bei yake ni rangi ya ganda. Si rahisi kujua imeiva kwa kuitazama. Ganda hutoka wekundu mweusi likaelekea wa machungwa, na shingo ya ndizi inalegea ukiibonyeza. Ikiwa ngumu, ladha yake ni ya unga mtupu, ndiyo maana wageni wengi huondoka wakidhani haina utamu.

Nimenunua kimalindi Moshi. Ndani imeiva teketeke, ganda bado kijani. Imewekewa dawa?

Si lazima. Ndizi za jamii hii zikiivia kwenye joto la juu ya nyuzi 24 au 25 hivi, nyama huiva lakini kijani cha ganda hakiondoki sawasawa. Moshi mjini kati ya Januari na Machi, chini ya bati, joto hilo linapitwa kila siku. Zihamishie kwenye chumba chenye kivuli na upepo, nyuzi 18 hadi 20.

Arusha kuna tatizo la upande wa pili. Kuanzia Juni hadi Agosti usiku unakuwa wa baridi, na ndizi ikikaa chini ya nyuzi 13 inaumia: ganda linageuka la kijivu, haling'ai, na wakati mwingine haiivi kabisa. Usizilaze kwenye sakafu ya saruji msimu huo. Ziweke juu ya gunia, jikoni karibu na joto, na usiweke mbichi kwenye friji kamwe. Mbivu unaweza; ganda litakuwa jeusi, nyama itabaki salama siku kadhaa.

Nivundike vipi nyumbani bila kabaidi, ile kemikali ya kuivishia matunda?

Kwenye boksi la karatasi, panga chana zilizokomaa, weka parachichi linaloiva au ndizi mbivu mbili katikati, funika kwa gazeti. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na ndiyo inayowaambia wenzake waive. Fungua boksi mara moja kwa siku kutoa unyevu. Siku 2 hadi 4 zinatosha. Mfuko wa plastiki uliofungwa hukusanya jasho, na vikonyo vinaoza kabla ndizi haijawa tamu. Ndizi changa haiokolewi na mbinu yoyote. Italegea bila utamu.

Kabaidi achana nayo kabisa. Ile ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosfini, na ndizi yake inakuwa njano moja kama imepakwa rangi, bila harufu, katikati bado ngumu. Ukinusa chana ya njano usisikie harufu ya ndizi, irudishe mezani.

Mzuzu niikaange ikiwa katika hali gani?

Kijani kabisa ni ya chipsi, vipande vya milimita 2. Nusu njano ni ya kuchoma kwenye mkaa. Njano yenye madoa meusi ndiyo ya kukaanga, sukari imeshajaa. Hapo punguza moto, kwa sababu mafuta makali yataunguza sukari nje wakati ndani bado. Vipande vya sentimita moja, dakika 2 au 3 kila upande.

Nimekata ndizi nikakuta madoa ya kahawia ndani. Ni salama?

Doa moja laini chini ya mahali palipochubuka ganda ni la kugongwa. Likate, tumia sehemu iliyobaki. Lakini ukikuta madoa kama ya kutu katikati ya nyama, na kwenye mkungu huohuo baadhi ya ndizi zimegeuka njano kabla ya wakati huku nyingine ni mbichi kabisa, huenda mgomba ulikuwa na mnyauko bakteria. Hauambukizi watu, ila ndizi hizo hazina ladha. Usitupe maganda yake wala kigogo shambani, na kisu kilichozikata kisipelekwe kwenye migomba kabla ya kuoshwa kwa jiki au kupitishwa kwenye moto.

Nina ugonjwa wa kisukari, au tatizo la figo. Niachane na ndizi?

Ndizi mbichi iliyochemshwa hupandisha sukari polepole kuliko mbivu, kwa hiyo kipimo ndicho cha kuangalia. Kwa figo suala ni potasiamu, ambayo ndizi zote zinayo kwa wingi. Kuchemsha vipande vilivyomenywa na kumwaga maji hupunguza sehemu yake, lakini mtori unakunywa maji yote, kwa hiyo kipimo chake kijulikane na daktari wako.

Nawapelekea ndugu Dar es Salaam. Zitafika salama?

Chagua mchare iliyokomaa, iliyokatwa siku hiyo au jana yake. Muulize muuzaji, na uhakikishe kwa kuangalia kigogo: mkato mbichi bado una unyevu na rangi nyepesi, wa siku tatu umekauka na kuwa mweusi. Usitenganishe chana; mkungu mzima unavumilia safari. Ufunge kwa majani makavu ya mgomba, ncha za ndizi zielekee juu, na ukifika buti la basi usikubali uwekwe juu ya injini wala chini ya mizigo.

Wakipokea, wautundike kivulini. Joto la Dar litauivisha haraka, kwa hiyo zile ambazo hazitapikwa ndani ya siku tatu zimenywe, zikatwe vipande, zitiwe kwenye maji yanayochemka dakika 3, zichujwe, zikaushwe kwa kitambaa na kugandishwa zikiwa zimetandazwa kabla ya kuingia kwenye mfuko. Zinakaa miezi miwili, na zinakwenda moja kwa moja kwenye supu ya moto bila kuyeyushwa kwanza. Zikiyeyuka mezani zitageuka nyeusi.